Kiptum hadaiwi marathoni ya nne

Kila Februari ikifika jina la Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, linarudi midomoni mwa watu, na karibu kila anayemtaja anamalizia palepale, kwamba kijana alikuwa aende Rotterdam mwezi Aprili 2024 akakimbie chini ya saa mbili na kifo kikamkatisha. Ni kweli Rotterdam ilikuwa imepangwa, tarehe 14 Aprili, na ni kweli mwenyewe alishasema hadharani kwamba anaenda kujaribu. Ila mimi hii habari imeshaanza kunichosha, maana naona tunamlilia mtu kwa mbio ambayo hakuikimbia huku zile alizokimbia hata hatuzijui vizuri. Hebu muulize shabiki wa kawaida Kiptum alikimbia marathoni ngapi maishani mwake, mwingine atakwambia kumi, mwingine ishirini. Alikimbia tatu. Tatu tu jamani, zote alishinda, na kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho ilipita miezi kumi tu.

Kwa asiyekumbuka, Kiptum alizaliwa tarehe 2 Desemba 1999, akakulia maeneo ya Chepkorio, Elgeyo-Marakwet, kule kwenye mwinuko wa Bonde la Ufa ambako Kenya inatoa wakimbiaji kila mwaka bila kuchoka. Akafariki usiku wa tarehe 11 Februari 2024 kwenye barabara ya Eldoret na Kaptagat, gari alilokuwa anaendesha liliacha njia likagonga mti, akafa yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Siku tano kabla ya hapo shirikisho la riadha duniani ndo lilikuwa limemaliza kuithibitisha rekodi yake ya dunia, yaani hata wiki moja ya kuitwa mmiliki rasmi wa rekodi hakuimaliza.

Hapo ndo watu wengi wanaishia, na kwa kweli nawaelewa, inauma. Lakini nataka twende polepole kwenye hizo mbio tatu, tuanze na Valencia, maana hiyo sisi wa upande wa Tanzania ilituhusu moja kwa moja.

Ilikuwa tarehe 4 Desemba 2022, siku mbili baada ya kutimiza miaka 23. Macho ya Watanzania siku ile yalikuwa kwa Gabriel Geay, na Geay hakutuangusha hata kidogo, alimaliza kwa saa 2:03:00, rekodi ya taifa, muda ambao miaka michache nyuma ungekuwa unazungumziwa kwenye kila taarifa ya habari duniani. Sasa mtu unajiuliza, muda kama huo unashikaje nafasi ya pili? Ulishika ya pili kwa sababu kuna kijana ambaye ndo kwanza anakimbia marathoni alikuwa amefika mstari wa mwisho sekunde 67 kabla yake. Saa 2:01:53. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuanza marathoni yake ya kwanza kabisa kwa muda kama ule, na kabla ya siku hiyo waliowahi kushuka chini ya 2:02 kwenye mbio rasmi walikuwa wawili tu duniani, Eliud Kipchoge na Kenenisa Bekele, watu wenye medali za Olimpiki na miaka kibao barabarani. Huyu alikuwa hajulikani. Nakumbuka kilichosemwa sana siku zile ni kwamba Valencia ni rahisi, barabara tambarare, hali ya hewa nzuri, viatu vya kisasa, subirini tumwone mahali pagumu.

Mahali pagumu pakaja haraka. London, 23 Aprili 2023, mvua na lami imelowa, na London ina kona nyingi na haina sifa ya kutoa muda mzuri kama Berlin au Chicago. Akakimbia 2:01:25. Rekodi ya London ilikuwa ya Kipchoge ya mwaka 2019, 2:02:37, kwa hiyo aliishusha kwa sekunde 72 kwa mpigo, na akawa amebakiza sekunde 16 tu kuifikia rekodi ya dunia ya wakati huo, 2:01:09, nayo ya Kipchoge, aliyoiweka Berlin 2022. Wa pili alikuwa Geoffrey Kamworor, ambaye si mtu wa mchezo, mara tatu bingwa wa dunia wa nusu marathoni, na alimwacha kwa karibu dakika tatu. Dakika tatu kwenye marathoni ya kiwango kile ni kwamba wewe umeshapewa maji na unahojiwa, mwenzako bado hajaingia kwenye barabara ya mwisho.

Na sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo Kiptum mwenyewe, kitu ambacho kikielezwa vizuri hutahitaji tena stori ya Rotterdam. Angalia jinsi alivyogawa mbio. London nusu ya kwanza alitumia dakika 61 na sekunde 40, nusu ya pili dakika 59 na sekunde 45. Chicago nusu ya kwanza 60:48, nusu ya pili 59:47. Valencia vilevile, nusu ya pili ilikuwa na kasi kuliko ya kwanza. Mara tatu, miji mitatu, hali ya hewa tofauti, tabia ileile.

Anayejua marathoni anajua hii ni kinyume na mwili unavyotaka. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na kwa mtu anayekimbia kwa nguvu akiba hiyo inaanza kukauka mahali fulani karibu na kilometa ya 30, ndo pale unapoona watu waliokuwa wanakimbia vizuri kabisa wanaanza kutembea, mabega yamepanda, uso umebadilika. Wakimbiaji wote wakubwa wamejenga akili yao kuzunguka pale, unafika kilometa ya 30 na kazi yako kuanzia hapo ni kutopoteza sana. Kiptum yeye kilometa ya 30 ndo alikuwa anaanza kazi. Wengine wanajilinda, yeye anashambulia, na si kwamba anaongeza kidogo ili amchoshe mtu mmoja aliyebaki naye, hapana, anaongeza kama mtu anayekimbia mbio nyingine kabisa.

Chukua Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023. Alifika kilometa ya 30 kwa saa 1:26:31, akiwa bado na mwenzake Daniel Mateiko ambaye siku hiyo alikuwa anakimbia marathoni yake ya kwanza. Mpaka hapo ni mbio nzuri sana, ila bado ni mbio ya binadamu. Halafu kilometa tano zilizofuata, kutoka 30 mpaka 35, alizikimbia kwa dakika 13 na sekunde 51. Piga hesabu, hiyo ni dakika 2 na sekunde 46 kwa kila kilometa, kasi ya zaidi ya kilometa 21 kwa saa, na anafanya hivyo miguu ikiwa imeshapiga lami kwa karibu saa moja na nusu. Mateiko akabaki, hakuwa na la kufanya maskini. Kilometa tano nyingine, 35 mpaka 40, akatumia 14:01. Ukiziunganisha ni kilometa kumi kwa 27:52, na muda huo wapo wakimbiaji wa kulipwa wa mita 10,000 ambao wakipata kiwanja kizuri, miguu freshi na mashindano ya kilometa kumi tu wanaufurahia na kupiga picha na saa. Kwake yeye ulikuwa katikati ya kitu kingine.

Akamaliza kwa 2:00:35. Rekodi ya dunia ikashuka kwa sekunde 34, na akawa mtu wa kwanza kwenda chini ya 2:01 kwenye mbio inayotambulika. Wa pili, Benson Kipruto, alifika kwa 2:04:02.

Sasa hapo kwa Kipruto nataka tusimame kidogo. Ukisoma tu kwamba fulani alishinda kwa dakika tatu na nusu unaweza kudhani mashindano yalikuwa mepesi, washindani dhaifu. Mimi nadhani njia nzuri zaidi ya kumpima Kiptum, kwa kuwa yeye mwenyewe hayupo tena, ni kuangalia waliokuwa nyuma yake wamefanya nini baada ya hapo na kabla ya hapo. Kipruto alikuwa bingwa mtetezi wa Chicago, alishawahi kushinda Boston mwaka 2021, na miezi mitano baada ya kuachwa vile akaenda Tokyo, Machi 2024, akashinda kwa 2:02:16, halafu Agosti akachukua shaba ya Olimpiki. Huyo ndo mtu aliyekuwa zaidi ya kilometa moja nyuma wakati Kiptum anakata utepe. Alexander Mutiso alikuwa wa tatu kule Valencia, nyuma ya Geay, na Aprili 2024 huyohuyo Mutiso ndo akashinda London, London ileile ambayo watu walisimama kumpigia makofi Kiptum kabla mbio haijaanza. Na Geay wetu, wiki moja kabla ya ile London ya 2023, alishika nafasi ya pili Boston, mbele ya Kipruto na mbele ya Kipchoge aliyeishia nafasi ya sita.

Hao ndo aliowaacha. Ukiwapanga hivyo unaona picha ambayo haihitaji hata tone la kukisia. Alipofariki, kati ya marathoni saba za kasi zaidi zilizowahi kukimbiwa kwenye mbio rasmi, tatu zilikuwa zake, na alikuwa amekimbia hizohizo tatu. Hana ya nne iliyoharibika, hana siku aliyoumwa tumbo, hana siku aliyotembea. Ukiniambia mtu huyu hakukamilisha kazi nitakuuliza ulitaka kazi gani.

Wapo watakaosema lakini saa mbili ilikuwa palepale, sekunde 36 tu, unaachaje kuizungumzia? Ni kweli ukizigawa hizo sekunde 36 kwa kilometa 42 inakuwa chini ya sekunde moja kwa kilometa, unaweza kudhani ni kitu cha kuokota. Sio cha kuokota. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019 ilibidi atengenezewe kila kitu, wakimbiaji wa kupokezana mbele yake, gari linalomulika taa za kasi barabarani, vinywaji vinaletwa, siku inachaguliwa kulingana na hali ya hewa, ndo maana haikuhesabiwa kama rekodi. Na Kiptum alikuwa mtu, sio mashine, kocha wake mwenyewe alishasema wazi mwaka 2023 kwamba ana wasiwasi na namna kijana anavyojituma, kwamba kilometa 250, 280, na kuna wiki zinapita 300, bila mapumziko ya maana, zinaweza kummaliza ndani ya miaka mitano, alimshauri apunguze na kijana hakutaka kusikia. Kwa hiyo Rotterdam ingeweza kutoa 1:59, na ingeweza kutoa msuli uliochanika kilometa ya 25. Hatujui, na sioni kwa nini heshima ya mtu tuiweke rehani kwenye kitu cha namna hiyo wakati ana 2:00:35 mkononi. Rekodi zipo ili zivunjwe, na ukimkumbuka mtu kwa rekodi peke yake, sembuse kwa ile ambayo hakuiweka, siku mwingine akiipita unabaki huna cha kusema kuhusu yeye. Ila namna ya kukimbia kutoka 30 mpaka 40 hakuna anayeweza kumpokonya, yeye ndo aliwaonyesha watu kwamba pale panapoogopwa panaweza kuwa mahali pa kushindia.

Hii tabia ya kumkumbuka mtu kwa mwisho wake tunayo muda mrefu, na sio Kenya peke yake. Hapa kwetu mwigizaji Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, Dar es Salaam ilisimama, watu walijaa Leaders Club mpaka wengine wakazimia, na mpaka leo ukimtaja Kanumba mazungumzo yanaanza na usiku ule, nani alikuwa chumbani, kesi ikaenda vipi. Kazi ya mtu aliyefanya sinema ya Kitanzania itazamwe Kongo, Burundi na Rwanda, aliyekwenda kuigiza na Wanijeria wakati wengine wanaona ni ndoto, inakuja mwishoni kama nyongeza. Kijana wa miaka 18 leo anaijua kesi kuliko anavyomjua mwigizaji.

Kwenye riadha mfano unaouma zaidi ni Samuel Wanjiru. Agosti 2008, Beijing, joto na unyevu, kila mtu anategemea marathoni ya Olimpiki ya kuviziana, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote, na kijana wa miaka 21 anaondoka na kundi dogo kwa kasi ya kijinga tangu mwanzo. Makocha walikuwa wanatikisa vichwa. Akashinda kwa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kabisa kuchukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, na rekodi ya Olimpiki ya mwaka 1984 ikaporomoka kwa karibu dakika tatu. Aliibadilisha marathoni ya Olimpiki kwa siku moja. Alifariki Mei 2011 Nyahururu baada ya kuanguka kutoka ghorofani, naye akiwa na miaka 24, sawasawa na Kiptum. Na ukiuliza leo habari ya Wanjiru watu watakupa stori ya ile baraza ya ghorofani kwa nusu saa, Beijing watakupa sekunde kumi.

Kiptum na yeye kidogo akumbwe na hilo. Miili haijazikwa tayari watu walishaanza kutunga, nani kamuua, nani alikuwa ananufaika, mpaka Kipchoge akaanza kutukanwa na kutishiwa, mwenyewe alikuja kusema mwezi Mei 2024 kwamba alihofia familia yake na akapoteza marafiki wengi kwa uzushi ule. Kipchoge! Mtu ambaye hata kukimbia marathoni moja na Kiptum hakuwahi, kosa lake ni kwamba rekodi ilikuwa yake kabla. Gari likiacha barabara kwenye Bonde la Ufa sio jambo jipya, Nicholas Bett bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2015 alikufa hivyohivyo kule Nandi Agosti 2018, lakini ajali haitoshi kwa watu, wanataka adui. Na kila saa iliyotumika kumtafuta adui haikutumika kuzungumzia kijana alikuwa nani.

Alikuwa nani basi? Mtoto wa pekee kwa wazazi wake, mchunga mifugo. Kocha Hakizimana, Mnyarwanda ambaye na yeye alikuwa mkimbiaji, alikuwa anasimulia kwamba mwaka 2009 alikuwa anafanya mazoezi karibu na shamba la baba yake Kiptum na kuna katoto pekupeku kanakuja nyuma yake kanamkimbiza na kumpigapiga visigino kwa miguu, anakafukuza, kanarudi. Kale katoto ndo huyu. Hapo alikuwa na miaka tisa. Mwaka 2013, umri miaka 13, akaingia nusu marathoni ya Eldoret ya watu wazima akawa wa kumi. Baba alitamani kijana asomee ufundi umeme apate kazi ya uhakika, na huwezi kumlaumu, kule kila nyumba ina kijana anayekimbia na wanaotoboa wanahesabika. Mwaka 2018 akashinda Eldoret, na viatu vya kushindania kipindi hicho vilikuwa vya kuazima.

Kuna kitu kimoja alikisema mwenyewe ambacho kwangu kina uzito kuliko hotuba zote za msibani. Watu walikuwa wanashangaa kwa nini hakupitia kwenye kiwanja kama wengine, maana njia iliyozoeleka ni mita 5,000, mita 10,000, mashindano ya dunia, halafu ukizeeka kidogo ndo unahamia marathoni, Kipchoge alipita hapo, Bekele alipita hapo. Kiptum akajibu kwamba hakuwa na hela ya kusafiri kwenda kwenye kiwanja kufanya mazoezi, na waliokuwa karibu yake walikuwa wanakimbia barabarani, basi na yeye akakimbia barabarani. Wachambuzi walishaanza kuandika nadharia za kizazi kipya kinachoruka kiwanja kwa mkakati maalumu. Mkakati gani, ilikuwa nauli.

Na hapo ndo nashindwa kunyamaza. Alipokufa, serikali ya Kenya ilijenga nyumba ya vyumba vitatu pale Naiberi kwa siku saba, ili kijana azikwe kwenye ardhi yake palipo na nyumba yake na familia ipate pa kukaa. Siku saba, msingi mpaka paa. Tarehe 23 Februari, siku ya mazishi, rais alikuwepo, mkuu wa riadha duniani Sebastian Coe alikuwepo, heshima zote zilitolewa, na zikaja ahadi za kiwanja kwa jina lake. Sisemi nyumba haikustahili, ilistahili kabisa, mjane na watoto wanahitaji paa. Nachosema ni kwamba ile kasi tunayo, nchi zetu zinaweza kujenga kwa wiki zikiamua, kwa hiyo mtu asituambie vitu vinachukua muda. Kiwanja cha Kamariny pale Iten, kilichokimbiwa na mabingwa wa dunia vizazi na vizazi, kilibomolewa eti kinaboreshwa, na miaka ikapita watoto wanachungulia uzio. Kijana hai anakosa nauli ya kwenda kwenye kiwanja, akifa anajengewa nyumba kwa wiki. Tanzania pia tusicheke, sisi Geay mwenyewe miaka yote hii amejipigania na mawakala wake, na siku akishinda ndo viongozi wanakumbuka uwanja wa ndege uko wapi.

Halafu kuna Hakizimana. Huyu anasahaulika kabisa, kwenye habari nyingi ametajwa kama "na kocha wake" halafu nukta. Wakati wa korona mipaka ilipofungwa alibaki Kenya, akakaa na kijana kule karibu na msitu, wakafanya mazoezi mwaka mzima wakati dunia haina hata mashindano ya kulipwa. Fikiria hiyo, hakuna mbio, hakuna hela, hakuna tarehe ya kurudi, na wewe kila alfajiri unaamka kumsimamia kijana mmoja kwenye matope. Zile 30 mpaka 40 za Chicago zilitengenezwa hapo, kwenye mwaka ambao hakuna aliyekuwa anaangalia. Alizikwa kwao Rwanda, na kwa maoni yangu kila anayeandika jina la Kiptum kwa heshima anatakiwa aandike na la huyu, na kwa ukamilifu, sio "kocha".

Kitu kingine ambacho ningependa kukiona, badala ya mashairi ya Februari, ni walimu wa michezo na makocha wa vijana kuichukua ile mbio ya Chicago na kuwaonyesha watoto kuanzia kilometa ya 28 mpaka mwisho, waone hatua zake hazirefuki ovyo, waone kichwa kimetulia, waone wakati gani ameamua. Wanamuziki wanasikilizwa, wachezaji mpira tunawarudia magoli yao mpaka tunayajua kwa kichwa, wakimbiaji tunawafungia kwenye namba moja halafu basi. Mtoto akiangalia zile kilometa kumi na nne kwa makini anajifunza kitu cha kufanya kesho asubuhi, akisikiliza hotuba ya marehemu aliyekatishwa ndoto anajifunza kusikitika tu.

Na kuhusu Paris, kwa sababu najua kuna mtu atauliza, kwamba Kiptum na Kipchoge wangekutana Olimpiki 2024 nani angeshinda, maana wote walikuwa kwenye orodha ya awali ya Kenya. Mjadala huo mimi simo. Nachojua ni kilichotokea. Kipchoge hakumaliza. Dhahabu alichukua Mwethiopia Tamirat Tola kwa saa 2:06:26, na muda huo ndo uliivunja hatimaye ile rekodi ya Olimpiki ya Wanjiru, baada ya miaka 16, kwa sekunde sita. Tola alikuwa Valencia 2022, akawa wa nne. Alikuwa London 2023, akawa wa tatu, dakika tatu na sekunde 34 nyuma ya Kiptum.